UZI: Usajili wa polisi Lamu – urefu na meno vinapimwa, tabia inapimwa saa ngapi?

Mwalimu wa Bara (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum ndugu zangu, na wenzetu wasio Waislamu habari zenu.

Kila usajili wa makurutu unapotangazwa, vijana wetu huanza kukimbia alfajiri pale uwanja wa Twaif na kwenye barabara ya Mokowe kwenda Hindi, wazazi huanza kutafuta pesa, na madalali huanza kupiga simu. Siku yenyewe ikipita tunalalamika wiki mbili, kisha kimya mpaka tangazo lingine. Nimeona tulijadili sasa, wakati hakuna tangazo wala joto lake. Pengine tutasikilizana.

Mimi ni mwalimu wa sekondari huku bara. Wanafunzi wangu wamepitia uwanja ule mwaka baada ya mwaka, na mara nyingine nimewasindikiza, nikasimama nje ya kamba pamoja na wazazi. Kwa ambaye hajawahi kuona, mambo huenda hivi. Wa visiwani huondoka kwao usiku ili wawahi mistari ya asubuhi, na kama usajili umeangukia msimu wa kusi, kijana wa Kiwayu au Ndau anashuka kwenye boti ametapika njia nzima, nguo zimelowa maji ya chumvi, halafu anatakiwa akimbie. Wanapangwa, viatu vinavuliwa, mashati yanavuliwa, wasichana wana upande wao. Kuna mti wa kupimia urefu: futi 5 na inchi 8 kwa mwanamume, futi 5 na inchi 3 kwa mwanamke. Aliyepungukiwa na nusu inchi anaambiwa arudi nyumbani. Halafu mbio, pekupeku. Wanaosalia wanaandikwa namba mkononi kwa kalamu ya wino mzito, na afisa anapita kwa mmoja mmoja: fungua mdomo, meno yanatazamwa, nyoosha vidole, unganisha miguu, yanatazamwa magoti kama yanagongana, inua mguu, unatazamwa unyayo kama ni bapa. Baada ya hapo vyeti. Kitambulisho, KCSE (mtihani wa kidato cha nne) ya D+ kwenda juu pamoja na D+ ya Kiswahili au Kiingereza, umri kati ya miaka 18 na 28.

Ikifika alasiri, tuseme wamebaki vijana mia moja waliotimiza yote hayo, na nafasi ni ishirini. Hapa ndipo nataka tusimame. Urefu una kipimo, mbio zina wa kwanza na wa mwisho. Lakini kutoka mia kwenda ishirini, kijana anapita au anaanguka kwa alama gani? Sisi tunaosimama nje ya kamba hatujawahi kuona karatasi ikibandikwa. Jina linasomwa au halisomwi. Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia, na udhia wote wa usajili umejazana katika hiyo saa moja ya alasiri. Dalali hawezi kukuongezea inchi wala kukukimbilia mbio. Anachouza ni ile saa.

Na hasara yake tumeshaiona. Mnakumbuka Mpeketoni, hapahapa Lamu, ulipovamiwa Juni 2014, watu zaidi ya 60 waliuawa. Mwezi mmoja baadaye, Julai 14, nchi nzima ikafanya usajili wa makurutu 10,000 kwa siku moja. IPOA, ile mamlaka huru inayowaangalia polisi, ilikuwa na watu wake viwanjani, na waliyoyaona yakawapeleka mahakamani. Oktoba 31 mwaka huohuo Jaji Isaac Lenaola akaufuta usajili ule. Serikali ikakata rufaa. Rufaa haijaamuliwa, likatokea shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, watu 148 wakafa, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wale 10,000 waende chuoni mara moja ingawa amri ya korti ilikuwapo. Baada ya mvutano mkubwa usajili ukarudiwa mwezi uleule. Hebu tufikirie: nchi iliyoshambuliwa, na sisi wa mpakani zaidi ya wote, tulikaa miezi bila maafisa 10,000 kwa sababu siku moja ya Julai haikuendeshwa kwa haki. Mtu akiniambia hongo ya usajili ni jambo dogo la kila mtu kutafuta riziki, namrudisha kwenye miezi ile.

Mwaka 2025 ugomvi ukawa mwingine: ni Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi au ni Inspekta Jenerali mwenye mamlaka ya kuajiri? Mwezi wa Oktoba Mahakama ya Ajira ikampa Inspekta Jenerali, na Novemba 17 makurutu 10,000 wakasajiliwa, kwa siku moja tena. Mimi sina upande katika hilo. Tume iajiri, Inspekta aajiri, ile saa ya alasiri iko palepale.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila hatua iwe na alama, na alama zote zibandikwe palepale uwanjani kabla watu hawajatawanyika, namba aliyoandikwa kijana mkononi na alama zake mbele yake. Waliopita wasipewe barua siku hiyo. Majina yao yakae kwa chifu, msikitini na kanisani kwa wiki mbili, watu wa mtaani waseme wanavyowajua. Sisi wa Lamu tunajuana. Kijana anayempiga dadake, anayeuza bangi ufukweni, au aliyemrudishia mgeni pochi yake, mtaa mzima unamjua. Na wakae nao kitako, wawaulize maswali ya kazi yenyewe. Kwa mfano: ni usiku wa kafyu, wewe uko kizuizini, boti inakuja bila taa, nahodha anapiga kelele kwamba amebeba mama mwenye uchungu wa kuzaa anapelekwa hospitali, na bosi wako hapatikani kwenye simu. Unafanya nini kwanza? Kijana akijibu hilo kwa dakika tano utajua mengi ambayo meno yake hayasemi.

Nawakaribisha. Wenye uzoefu tafadhali semeni.

---

Pwani Tulivu

Nafuatilia huu uzi. Mwalimu umesema.

---

Mstaafu wa Witu

Mwalimu, shukrani. Mimi nimelitumikia jeshi la polisi mpaka nikastaafu, na nimewahi kukaa upande wa pili wa ile kamba, kwa hiyo nitasema ninachokijua.

Kwanza vile vipimo vya mwili msividharau. Kule Kiganjo, kwenye chuo cha polisi, ni Nyeri, baridi yake kijana wa Pwani haijui, na gwaride ni la kutwa. Mwenye unyayo bapa anaumia mguu wiki za mwanzo, na wapo wanaorudishwa nyumbani kwa ajili ya hilo. Kifua, macho, mishipa ya miguu, hivyo vyote vina sababu zake. Serikali ikimchukua mtu mgonjwa inamuumiza na inapoteza pesa.

Pili, vyeti. Watu wengi hawajui kwamba uchaguzi hauishii uwanjani. Vyeti vya KCSE vinahakikiwa, na wapo makurutu walionaswa wakiwa tayari chuoni kwa kuwa na vyeti vya kughushi. Kwa hiyo anayekuuzia cheti anakuuzia kesi.

Lakini kwenye hilo la tabia nakubaliana nawe moja kwa moja. Vijana ni mamia, jua ni moja. Ukigawa saa kwa watu, kila kijana anapata dakika chache za macho ya afisa. Nitawapa mfano mmoja. Kulikuwa na foleni ya maji, mtungi mmoja na vikombe viwili, jua kali. Nikakaa pembeni nikiangalia. Kijana mmoja mrefu, kifua kizuri, mbio alikuwa wa nne, alikuwa akiwasukuma wale wadogo na kuchukua kikombe mikononi mwao. Mwingine akawa anamnywesha mwenzake aliyebanwa na misuli, yeye mwenyewe hajanywa. Nikasema moyoni, huyu wa kwanza nikimpa rungu na bunduki, atawafanyia wananchi vilevile. Lakini fomu niliyokuwa nayo haikuwa na mahali pa kuandika hilo. Ilikuwa na urefu, kifua, meno, alama za mtihani. Wa kwanza alipita. Wa pili urefu wake ulikuwa mpakani, akaachwa.

Jopo la Jaji mstaafu David Maraga, lililoundwa Desemba 2022 kuangalia mageuzi ya polisi, nalo liligusa ufisadi wa usajili. Ripoti zipo. Kinachokosekana ni fomu yenye nafasi ya yale niliyoyaona kwenye mtungi wa maji.

---

Baba Swafiya

Nataka niwafungue macho wazazi wenzangu juu ya madalali, maana hapa Faza nimelishuhudia.

Jirani yangu aliuza mashine ya boti yake, ile aliyokuwa akiendea kuvua, akampa mtu aliyedai ana mkubwa wake Nairobi. Mtu huyo alichukua kwa wazazi kadhaa, kila mmoja akaambiwa asimwambie mwenzake. Siku ya usajili ikaisha. Wawili walipita, waliobaki wakakosa. Na ajabu, wale waliokosa akawarudishia pesa zao karibu zote, kwa heshima kabisa, akawaambia mwaka huu nafasi zimebanwa, mwakani in shaa Allah. Watu wakamsifu kuwa mwaminifu!

Mimi nikakaa nikapiga hesabu. Huyu bwana hakufanya chochote. Hana mkubwa wala mdogo. Anachukua kwa wengi, anakaa kwake anakunywa kahawa, vijana wanapita kwa miguu yao wenyewe, yeye anabaki na pesa za waliopita. Hawezi kupata hasara. Na aliyepita anaamini mpaka leo kwamba pesa ndiyo iliyompitisha, kwa hiyo naye anawashauri wadogo zake watoe.

Jirani yangu mwanawe alipita. Mashine haikurudi. Sasa kijana ameanza kazi na deni la babake kichwani. Mnadhani akisimamishwa barabarani na kuanza kukagua magari atalilipa kutoka wapi? Kijana nilimjua tangu anasoma madrasa, alikuwa na tabia nzuri. Tumemharibu kabla hajavaa sare.

Nasema mwalimu ana haki. Alama zikibandikwa, biashara ya yule bwana inakufa siku hiyohiyo, kwa sababu kijana ataona ameshinda kwa nini.

---

Bint Kizingitini

Ami Mstaafu na mwalimu, shikamoo zenu. Naomba niongee kwa upande wetu wasichana kwa sababu mpaka sasa hapajatajwa.

Mimi nilijaribu. Urefu nilitimiza, mbio nilimaliza katika wa mwanzo. Sharti moja kwetu ni kutokuwa mjamzito, na hilo naelewa kwa ajili ya mafunzo. Lakini namna linavyopimwa ndiyo ilinivunja. Tulipewa vikopo, choo ni kimoja, wavulana wamekaa ukutani karibu na mlango wanahesabu nani ameingia na nani amechelewa kutoka. Kisha majibu yanatolewa mezani, kila aliye nyuma yako anasikia. Msichana mmoja wa kijiji cha jirani aliondoka analia, na kufika magharibi habari zake zilikuwa zimefika kisiwani kabla ya boti yake. Baada ya hapo mzazi gani atamruhusu binti yake mwaka unaofuata? Halafu tunaambiwa wasichana wa Kibajuni hawataki kazi ya polisi.

Katiba inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili. Lakini mimi sitaki nafasi kwa sababu ya hesabu. Nendeni kituoni mkaone mtoto wa miaka kumi na tatu aliyenajisiwa amesimama kaunta, na wa kumwandikia kwenye OB, kile kitabu cha matukio, ni mwanamume mzima anayemuuliza kwa sauti mbele ya watu. Mtoto yule atasema nini? Dawati la jinsia bila mwanamke wa kulikalia ni meza tu. Na wanawake wanaosafiri kwa boti wakikaguliwa, nani awapekue?

Kama mnaandika mapendekezo, andikeni pia chumba cha faragha, muuguzi wa kike, na majibu anayaona mwenyewe.

---

Mwalimu wa Bara

Dada yangu, hilo la chumba lingepaswa kuwa la kwanza katika niliyoandika. Asante kwa kulisema wazi.

---

Kijana wa Mkomani

Mimi nitapinga kidogo, mnisamehe. Mnataka mtaa uulizwe juu ya tabia. Mtaa gani? Hapa kwetu mtu akigombana na jirani juu ya mpaka wa kiwanja, mtoto wa jirani atapewa jina la mwizi. Chifu naye ana wake. Na familia zisizo na ukoo mkubwa hapa, wale waliohamia juzi, nani atawasemea? Mtaondoa hongo ya dalali mkaleta hongo ya mtaa.

Pili, mnataka watu wa Lamu wawe polisi wa Lamu. Atamkamata binamu yake huyo?

---

Mwalimu wa Bara

Ndugu wa Mkomani, pingamizi lako ni zito, nalichukua.

Juu ya mtaa: neno la mtaa lisiwe hukumu. Liwe la kuchunguzwa. Anayesema kijana ni mwizi aseme aliiba nini, lini, na kwa nani, aweke jina lake, na kijana apewe nafasi ya kujibu mbele ya kamati. Tuhuma isiyo na tukio itupwe. Na atakayefanya uchunguzi asiwe wa hapa. Bila hivyo, kweli, tutahamisha ugonjwa kutoka mguu mmoja kwenda mwingine.

Juu ya binamu: sikusema polisi wa Lamu wote wawe wa Lamu. Kurutu akimaliza chuo anapelekwa popote, Turkana au Busia, na ndivyo inavyofaa. Ninachotaka ni kile Katiba ilichoandika katika kifungu cha 246, kwamba huduma ya polisi iwe na sura ya watu wote wa Kenya, makabila na maeneo. Ikiwa hivyo, katika kikosi cha watu kumi walioko Kiunga atakuwepo angalau mmoja anayeijua bahari. Mmesahau wakati wa Operesheni Linda Boni, ile ya kuwasaka al-Shabaab katika msitu wa Boni? Mvuvi wa Kibajuni anasimamishwa, anazungumza Kiswahili chake cha nyumbani, afisa hajawahi kukisikia, anadhani ametoka ng'ambo ya mpaka. Ameulizwa kitambulisho mara ngapi ndani ya nchi yake! Afisa mmoja anayejua lafudhi ile na anayejua kwamba mashua ya aina ile ni ya hukuhuku angeokoa muda, heshima, na pengine roho za watu. Watu wakidhalilishwa hawaleti habari, na polisi asiye na habari kwenye msitu wa Boni anatembea gizani.

---

Mwana wa Basuba

Salamu kutoka bara ya ndani. Mimi ni Muaweer, wengine mnatuita Waboni.

Mnazungumzia waliofika uwanjani. Sisi wengi hatufiki. Shule za wadi ya Basuba zilifungwa kuanzia 2014 kwa sababu ya usalama, na zilikaa miaka zimefungwa. Mtoto aliyekuwa darasa la tano wakati ule, hiyo KCSE ya D+ aitoe wapi? Sheria ni moja kwa wote, lakini darasa halikuwa moja.

Halafu kitambulisho. Miaka mingi vijana wa huku na Wabajuni tumekuwa tukipigwa msasa wa ziada, uende na wazee, urudi, usubiri. Rais Ruto alitangaza kuufuta Februari 2025 na tunashukuru, ila kuna waliopitisha umri wa miaka 28 wakiwa bado wanasubiri kadi.

Wakati huohuo, anayehitajika kuonyesha njia msituni ni sisi. Wazee wetu wanajua nyayo, wanajua maji yaliko, na wapo wanaojitolea kama polisi wa akiba na kulala nje wakilinda vijiji. Mtu anaaminiwa bunduki ya akiba lakini haaminiwi kuwa konstebo kwa sababu ya cheti. Kifungu cha 56 cha Katiba kinataka jamii ndogo zilizotengwa zipewe nafasi maalumu za elimu na ajira. Sitaki tushushiwe kazi. Nataka vijana wetu wachukuliwe mapema, wapewe mwaka wa kusoma na kufanya mtihani, kisha wapimwe kama wengine.

---

Msafiri wa Langoni

Naandika nikiwa London, ila kwetu ni Langoni. Nimeusoma uzi wote usiku huu.

Huku mambo ni tofauti kidogo, nitaje yale ninayoyajua. Sharti la urefu waliliondoa zamani. Mbio zao ni za kwenda na kurudi mita 15 kwa kufuata mlio, hadi kiwango cha 5.4, ambazo hazifiki hata dakika nne; kijana yeyote wa Twaif atazimaliza akicheka. Uzito uko kwenye mambo mengine: maswali ya mifano kama ule wa boti aliotoa mwalimu, mahojiano, na uchunguzi wa historia ya mtu, familia yake, marafiki zake, mpaka madeni yake. Nilipoona alichoandika Baba Swafiya nikakumbuka hilo la madeni. Wanaliangalia kwa sababu ileile: mwenye deni kubwa ni rahisi kununuliwa. Safari nzima huchukua miezi.

Lakini msidhani wamemaliza. Machi 2021 afisa wa polisi wa hapa London, Wayne Couzens, alitumia kitambulisho chake cha kazi kumkamata dada mmoja, Sarah Everard, akamuua. Uchunguzi wa serikali uliotolewa Februari 2024 ukaonyesha dalili zilikuwepo miaka nyuma, alishalalamikiwa kwa kujianika uchi mbele ya watu, na bado alipita kwenye mchujo wa kuingia jeshi moja hadi jingine. Karatasi zilikuwepo, hakuna aliyezifuata mpaka mwisho. Kwa hiyo mwalimu, pamoja na fomu mpya, pendekezeni mchujo urudiwe kila baada ya miaka kadhaa. Mtu wa miaka 19 si yule atakayekuwa na miaka 35.

---

Mstaafu wa Witu

Msafiri, hapo umegonga penyewe. Kwetu kulikuwa na msasa wa maafisa waliokuwa kazini baada ya Katiba mpya, wakubwa wakahojiwa mbele ya watu hadi akaunti zao za benki. Ulianza kwa moto, ukapoa. Ungeendelea kwa utaratibu wa kawaida kila mtu angejua zamu yake itafika.

Na Mwana wa Basuba, mimi nimefanya kazi na wazee wenu. Unachosema ni kweli tupu. Nimewahi kuona mzee akitazama majani yaliyolala na kutuambia wamepita watu wangapi na wamebeba mzigo. Hakuna kozi ya Kiganjo inayofundisha hilo.

---

Form Four 2024

Mwalimu naomba msaada. Jina langu la tatu kwenye kitambulisho limeandikwa tofauti na la kwenye cheti cha KCSE, herufi mbili. Nikienda uwanjani watanikataa? Na cheti cha tabia njema nichukue sasa au ningoje?

---

Mwalimu wa Bara

Mwanangu, usingoje tangazo. Likitoka, ofisi zote zinajaa na siku hazitoshi. Chukua cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na cheti cha mtihani, uvipange mezani pamoja uone ni kipi kimekosea. Kama kosa ni la kitambulisho nenda ofisi ya usajili wa watu. Kama ni la cheti cha mtihani anzia shule uliyofanyia, nao wataliandikia baraza la mitihani. Herufi mbili zinaweza kukutoa kwenye mstari baada ya mbio zote hizo. Cheti cha tabia njema kinaombwa kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, ada yake ni shilingi 1,050, halafu unaenda kutoa alama za vidole. Hicho usikimbilie leo. Rekebisha jina kwanza ndipo ukiombe, kisije nacho kikatoka na jina lenye kosa.

Na mtu yeyote akikupigia simu kukuuzia nafasi, soma tena alichoandika Baba Swafiya hapo juu.

---

Mstaafu wa Witu

Mwalimu, nina wazo. Wakati tunangoja wakubwa wabadilishe fomu, mimi naweza kuja shuleni kwako nikawakalisha hao wa kidato cha nne, niwaulize maswali ya kazi kama lile la boti. Wasichana na wavulana. Wajue kabla ya kuuza mashine za baba zao kama kazi hii wanaiweza. Na wa Basuba walioko karibu waje pia.

---

Bint Kizingitini

Ami, na sisi tuliomaliza shule tunaruhusiwa?

---

Mstaafu wa Witu

Wewe ndiye wa kwanza, mwanangu. Nataka ulieleze lile la chumba mbele ya wavulana walisikie.

---

Mwalimu wa Bara

Nimeshaongea na mkuu wa shule, amekubali. Itakuwa Jumamosi asubuhi, wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa. Mzee, ukishuka Mokowe nipigie, nitakuja kukuchukua kwa pikipiki. Wa visiwani watakaokuja, niandikieni hapa idadi yenu ili tupange boti moja ya pamoja kutoka Kizingitini, ipitie Faza.